Minyororo Mlangoni

Koperative yetu iliponikopesha pesa za kuongeza bidhaa dukani, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinishauri ninunue chumvi na sabuni, kama wanawake wengine wa Kasongo. Mimi nikanunua minyororo na mipira ya baiskeli, maana barabara ya Kabambare haimhurumii mtu. Alinicheka mbele ya wateja, eti mwanamke na grisi wapi na wapi. Niliitundika minyororo mlangoni, kila mpita njia aione.

Juzi shemeji alikuja akisukuma baiskeli, mzigo wa kupeleka Kabambare nyuma, mnyororo umekatika. Akachungulia ndani.

"Kaka iko wapi, anihudumie?"

Nilimwambia kaka yake iko shambani. Mwenye duka ni mimi, na kama mikono ya mwanamke haimfai, Kabambare kwa miguu ni mbali.