Nilimfungia Mgeni Mlango, Miche Ikakosa Wanunuzi

Makosa ni yangu. Jina sisemi, maana Nyeri ni ndogo na watu wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu.

Mke wangu anakuza miche ya avokado. Mikono yake, wacha tu! Hata jiwe angepanda lingeota. Mwaka huu mke wa kijana wetu akamtengenezea tovuti, ndio mtu wa Kagio akitafuta miche kwa simu atupate. Akaacha kompyuta wazi mezani, akaenda kukamua ng'ombe.

Nikachungulia. Kulikuwa na swali: unaruhusu mitambo ya kutafuta iingie isome kurasa zako? Ati iingie! Marehemu baba yangu hakuruhusu mgeni aangalie ghala lake, hata mjomba. (Huyo mjomba naye alikuwa na macho! Lakini hiyo ni hadithi ingine.) Nikabonyeza hapana. Nikajisifu kabisa.

Wiki zikapita, simu kimya. Miche ikarefuka, mizizi ikatoboa mifuko ikashika ardhi. Na ni mimi, jamani, nililalamika mbele ya wote tukila githeri: "Huyu msichana alisomea nini?"

Akainamisha kichwa. "Pole, Baba. Nitaangalia tena."

Akatuandikisha kwenye orodha za biashara za mtandaoni, moja baada ya ingine. Kuniuliza kama niligusa, hangeweza. Kwetu baba mkwe haulizwi hivyo.

Asubuhi moja nikamsikia akimweleza mama mkwe wake, "Mtambo usipoingia kusoma tovuti, mtu akitafuta miche kwa simu hatuonekani." Uji ukanikwama kooni.

Mke wangu akageuka. "Mzee, uji una mifupa? Uligusa kompyuta?"

"Kidogo."

"Kidogo ya wapi?"

Nikasema yote. Msichana alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafungua mlango niliofunga. Lakini kufikia siku tulipoonekana, mvua ya kupanda ilikuwa imeanza, watu wameshanunua kwingine, na miche imeharibika kwa kukaa. Kazi ya mke wangu ya msimu mzima!

Hakunigombeza. Alinipa simu tu: "Wateja ni wako."

Jana mama mmoja kutoka Wang'uru alipiga. "Mzee, miche iko?"

"Imezeeka."

"Imezeeka aje, na nimewaona leo kwa mtandao?"

Mke wangu alikuwa hapo akiosha vikombe, polepole sana, akingoja jibu langu.

Wazee wenzangu, kompyuta ya mtu ikikuuliza swali, mwite mwenyewe. Na kama umeshabonyeza, sema siku hiyo hiyo. Aibu ya kumweleza mke wa mtoto wako ni ndogo. Jaribu kumweleza mteja, mke wako akisikiliza!