Nilivyomwibia Nafula Mtihani wa Macho

Kwetu sisi mtihani ni mtihani, hata ukiwa wa macho. Hilo ndilo lililoniponza.

Mwalimu wa Nafula, binti yangu wa darasa la pili, aliandika barua kwamba mtoto anasugua macho sana, apelekwe kwa daktari wa macho ya watoto. Mimi niliwaza jambo moja tu: mtoto wangu avae miwani, Kitengela nzima itucheke. Kwa hivyo tukiwa kwa foleni ya kliniki ya macho pale Kajiado nikampa mbinu.

"Nikikugusa bega la kushoto, onyesha kushoto. La kulia, kulia. Nikigusa kichwa, juu. Mgongo, chini."

Daktari, mama mpole, alikuwa ametundika karatasi ya herufi E zilizogeuzwa kila upande. Mtoto alitakiwa kuonyesha kwa mkono miguu ya herufi inaangalia wapi. Nikasimama nyuma ya kiti kama baba mwenye upendo. Mistari mikubwa nilimwachia mwenyewe. Ilipofika ile midogo nikaanza kazi: bega, kichwa, bega.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Baba Nafula, huyu mtoto ako na shida ya vumbi tu, nitampatia dawa ya matone. Kuona, anaona vizuri. Amekosa tu pale ulipomgusa. Hebu wewe sasa ukae hapo."

Nikakaa. Mstari wa tatu niliuona kama inzi wamepanga foleni. Nilikuwa bado nakodoa macho nilipohisi kidole kidogo kikinigusa bega la kushoto, polepole, ili daktari asione.