Vichwa vya Ming'oko

Bi Shamimu wa Ziwani hali ming'oko. Akialikwa mahali akakuta ile mizizi mirefu imechemshwa na kutengwa sahanini, husingizia tumbo. Majirani humtania: Mmakonde gani asiyekula ming'oko? Naye hucheka nao, lakini moyo unamuuma.

Mama yake, Bi Nuru, alikuwa na kipande chake cha kuchimba ming'oko porini, nyuma ya mikorosho. Chakula kile hakukipanda mtu, alikipanda Mungu, na sharti lake lilikuwa moja tu: ukishakata mzizi, kichwa chake kinachochipua unakirudisha shimoni, unafukia, unashukuru. Mwakani unakuta mwingine. "Mungu ni yule yule," mama alizoea kusema. "Amenilisha mimi hapa, na wewe atakulisha."

Ukaja mwaka ambao mihogo ilikauka shambani. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, kwa hiyo Shamimu alikwenda porini peke yake na jembe. Njiani akaona mashimo mapya ya watu wengine, roho ikamruka. Wakifika kwetu hawa, watatubakishia nini? Akachimba mchana kutwa, akang'oa mpaka vichwa, na mashimo akayaacha wazi. Nyumbani akavipika vyote.

"Vichwa umerudisha, mwanangu?"

"Nimerudisha, mama."

Siku ya tatu kaka yake Mustafa akatokea Magomeni na magunia mawili ya unga. Vile vichwa vilikuwa bado vimejaa sufuriani, vigumu na vichungu, hata kuku walivikataa. Siku tatu tu! Angevumilia siku tatu tu. Lakini kichwa kilichokwisha kupikwa hakioti tena, na Shamimu alivimwaga nyuma ya choo asionekane.

Mwaka juzi Bi Nuru alilala asiinuke. Uji aliutema, wali hakuutaka. Aliomba kitu kimoja, ming'oko ya kile kipande chao. "Nenda pale pale," alisema. "Hapajatunyima hata siku moja."

Shamimu alikwenda, angesema nini? Alikuta nyasi, na mashimo yamejaa majani makavu. Akapanda bodaboda hadi sokoni mjini, akanunua fungu la ming'oko, na aliporudi akaipaka udongo wa porini kabla ya kuingia uani.

Ilipoiva, mama alitafuna polepole, uso ukamchangamka. "Unaona? Mungu habadiliki." Kisha, mdomo ukiwa bado umejaa, akauliza, "Vichwa umerudisha?"

Shamimu aliishika sahani kwa mikono miwili. Mama alisema kweli, Mungu hakubadilika; mgonjwa alikuwa amepata alichokitamani, ingawa kwa njia ya bodaboda na fungu la sokoni. Aliyeshindwa kumwamini Mungu kwa siku tatu alikuwa yeye. Alitaka kusema ukweli.

"Nimerudisha, mama."

"Basi nimekuachia chakula," alisema Bi Nuru, akafumba macho, ameridhika. Ijumaa wakamzika.