Kofi la Banda la Jilo

Nakumbuka siku moja mchana, maji ya mafuriko yakianza kushuka, nilisikia ngoma ikilia kwenye kijiji kisicho na mtu.

Lakini nikueleze kwanza, mwanangu, maana nyinyi mnadhani muziki lazima uwe na spika na bango barabarani. Ujana wangu hapa Garsen, muziki ulitafutwa kwa masikio. Nyuma ya fundi baiskeli alikaa mzee mmoja na zeze lake. Kule Ngao akina mama walipiga vigoma uani, kazi ya mpunga ikiisha. Hakuna aliyekualika wala aliyekufukuza. Mimi nilivijua vijiwe vyote hivyo, na mama alinisema mpaka akachoka.

Nilipopapenda kuliko pote ni kwenye banda la kaka yangu Jilo, ng'ambo ya mto, lililokuwa ghala la mahindi. Jilo alikuwa na mchezo wake. Akipiga ngoma, pigo la mwisho hakulipiga. Aliwaachia wasikilizaji walijaze kwa kofi moja. Msipojibu, haendelei. Anakaa ameinua mkono, anawatazama, anacheka.

Mafuriko yakamchukua Jilo. Hatukumpata hata tumzike.

Siku ile niliyoanza kukueleza, Babu Maro, jirani yetu, alinivusha kwa mtumbwi tukaangalie mashamba. Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamia mwinukoni, nyumba zimebaki na matope hadi madirishani. Hata ndege hawakulia. Ndipo ngoma ikaanza bandani kwa Jilo. Mkono ule niliujua. Ikalia, ikafika mwisho, ikaacha pengo.

Mwanangu, nilifurahi. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nikainua mikono nimjibu kaka yangu. Babu Maro akanidaka vifundo vya mikono, akanibana hasa.

"Usimjibu, mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimjibu atadhani bado yu hai."

Tukasimama kwenye matope. Ngoma ikarudia, polepole zaidi, ikangoja tena. Uchungu kama ule wa kuliacha pengo lile wazi sijapata kuuona mwingine, na nimezaa, na nimezika. Ikarudia mara nyingine, kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi kwao. Kisha kimya.

Babu akatangulia kuingia. Banda zima lilikuwa limelowa na kuota ukungu, lakini ngoma ilining'inia pale pale, ngozi yake kavu, imekaza. Nilipoigusa ilikuwa na joto. Babu akalegeza kamba zake moja moja, akimwambia Jilo apumzike, mpaka ngozi ikalegea. Njiani alinishika mkono tu hadi mtumbwini.

Basi, mwanangu, vitafute vijiwe hivyo. Vipo bado, nyuma ya maduka na kwenye nyua za watu, usingoje kuitwa. Ukimkuta mtu anapiga, mpigie kofi lake leo, akiwa anakutazama na kucheka. Akishaondoka, hata akikuita kwa mkono uupendao, mwachie pengo lake.

Mungu akujaalie masikio ya kuwapata wapigaji wako wangali hai. Na siku itakayokubidi unyamaze, akupe mtu wa kukushika mikono.