Gauni la Mama wa Fundi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hakujua kumkatalia mteja. Alipokea kila kitambaa kwa mikono miwili, akaanza nguo tatu kwa mpigo na kuziacha zote nusunusu, akimkimbilia anayepiga kelele zaidi. Mama yake hakupiga kelele. Kila alipopita kuulizia gauni lake, fundi alisema, "Wiki ijayo, mama, hakika," naye akaitikia, "Haya, mwanangu." Hatimaye alilishona, kwa vipimo vya zamani. Siku ya kulijaribu, lilimpwaya mama kama la mtu mwingine, maana maradhi yalikuwa yamemkondesha. Fundi alipiga magoti kulibana kwa pini, machozi yakimtoka.

"Usijisumbue, baba," mama alisema, akimshika kichwa. "Liache hivyohivyo. Sitalivaa mara nyingi."