Kushuka Kokotoni na Nyogokuru

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Gisenyi kumsalimia mama. Yeye amezaliwa Kigali, na kuogelea amejifunzia bwawani kwa mwalimu mwenye filimbi. Tulikuwa uani tunakunywa chai akaniuliza, "Na wewe mama, nani alikufundisha?" Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage, akacheka peke yake bila kuinua uso. Nikamwambia binti yangu avae viatu vya kutembelea.

Nyumba yetu iko juu ya kilima huko Nyamyumba, kusini kidogo ya mji, na utotoni mwangu hapakuwa na bomba. Jumamosi nguo zilikuwa zinafuliwa ziwani. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Nyogokuru, alijitwisha beseni, nami nikabeba kikapu chenye sabuni na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Njia ilianzia nyuma ya jiko la jirani yetu. Ungemsikia kabla hujamwona, maana alikuwa hajui kusema taratibu, na sufuria yake ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa ikinukia mpaka barabarani. Hakuna siku alituacha tupite mikono mitupu. Alitufungia samaki wachache kwenye jani la mgomba, na mimi nilianza kuwadokoa kabla hatujafika kwenye mikaratusi.

Hapo kwenye mikaratusi ndipo njia ilipokuwa mbaya. Majani makavu yaliteleza, nami nilishuka nimeshika kitenge cha Nyogokuru kwa nyuma. Ziwa lilijitokeza kati ya miti, likajificha, likajitokeza tena kubwa zaidi. Mwisho tukatokea kwenye ghuba ndogo iliyofunikwa na kokoto nyeusi na za kijivu, laini kama mayai. Sisi tulipaita Kokotoni. Sijui kama mahali pale palikuwa na jina jingine. Wavuvi walipita mbali, na watu wa mjini walikuwa na ufuko wao wa mchanga.

Tulifua, tukaanika nguo juu ya mawe yaliyoshika joto, tukala. Mimi niliruhusiwa kuingia majini mpaka magotini tu. Ilikuwa amri ya mama. Yeye aliliogopa ziwa kuliko radi. Alisema lina sehemu zinazotoa hewa mbaya, mtu akiogelea hapo analala na haamki. Nyogokuru hakubishana naye. Alikuwa analowesha nyayo, basi, akikaa anaangalia upande wa kusini. Nilidhani ni uzee.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, upepo wa mchana ulikuja ghafla ukanyanyua shuka jeupe, ukalitandaza juu ya maji. Nikalikimbilia. Nilikuwa karibu kulishika pale kokoto zilipoisha chini ya miguu yangu. Ziwa la Kivu haliteremki polepole, linakatika tu. Nakumbuka ukijani, na kimya, na mdomo uliojaa maji.

Kisha mkono ukanishika kwapani. Nilipotoa kichwa juu nilimwona Nyogokuru, kilemba kimemtoka, mvi zimemlala usoni, akiogelea kwa mkono mmoja kama mtu anayetembea uani kwake. Shuka alikuwa amelishika kwa meno.

Alinifikisha kwenye mawe, akanipiga mgongo mpaka nikatapika maji. Nilipoanza kulia nikimwomba turudi nyumbani, alikataa.

"Hapana. Ukirudi sasa, utaogopa maji mpaka uzeeke, sawa na mama yako. Kuja."

"Nyogokuru, nitakufa!"

"We mutoto, maji iko inabeba mutu. Mutu ndo anapigana na maji. Lala. Angalia mawingu. Mi niko hapa."

Nikalala. Mkono wake ulikuwa chini ya mgongo wangu, halafu, sijui saa ngapi, haukuwepo tena, na bado mawingu yalikuwa mahali pake.

Tukiwa tunajikausha ndipo aliponiambia kwamba alizaliwa kisiwani, Idjwi, upande wa Kongo, binti wa mvuvi, na alijua kuogelea kabla ya kujua kupika. Aliolewa akapelekwa milimani, kwenye ng'ombe na baridi. Halafu vita, halafu mpaka, halafu watoto. Aliyasema hivyo hivyo, mfululizo, akikamua kitenge.

Njiani akaniagiza, "Mama yako akiuliza nywele, sema ilikuwa mvua." Mama aliuliza. Nikasema mvua. Akaangalia mbingu, hakuna hata dalili ya mvua, akaingia ndani. Jumamosi iliyofuata, nilipochukua kikapu, nilikuta chini ya viazi gauni langu la pili, kavu, limekunjwa vizuri. Mama alikuwa anafagia.

Miaka ile tuliogelea sote wawili. Siku zenye hewa safi kisiwa kilionekana, na kuna mara moja alikwenda mbali mpaka nikasimama nikamwita. Alibaki pale ameelea, uso kusini, kwa muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Nilikuwa nasalimia kwetu."

Baadaye bomba likafika kilimani. Mama alifurahi sana, na hakuna mwenye haki ya kulilaumu bomba. Lakini Jumamosi hazikuwa tena na sababu ya kushuka. Magoti ya Nyogokuru yakaanza kukataa mteremko, mimi nikaenda shule ya bweni Kigali, na msimu mmoja wa mvua nikaitwa kuja kumzika.

Baada ya chai ile, binti yangu nami tuliikuta njia mpaka kwenye mikaratusi. Baada ya hapo ni barabara ya mawe, ukuta, na geti. Mlinzi alikuwa na adabu. "Mutuwie radhi, mama. Hapa iko ya wageni wa hoteli." Kati ya vyuma niliona miavuli na mchanga mweupe ulioletwa na malori. Kokoto hata moja sikuiona.

Tukaenda ufuko wa mjini, kwenye kelele na mipira na wauza karanga. Binti yangu akajitupa majini, akaenda kwa mtindo wake wa bwawani, mzuri, wa haraka. Nikamfuata. Nilipofika pale maji yanapokuwa baridi, niligeuka kuangalia nchi kavu, kama nilivyozoea utotoni, kuona kama Nyogokuru ananitazama. Binti yangu alikuwa mbele yangu. Nyuma yangu, kati ya watu wote wale, hapakuwa na mtu wa kunitazama.