Mahindi mekundu yanaoshwa nyuma ya ghala letu

Admin, tafadhali ondoa jina langu kabisa. Mimi ni msichana Mkongomani, miaka ishirini na minne, ninaishi ugenini, mtaa wa Albert Park tulikojaa wahamiaji, na ni karani kwenye ghala la nafaka huko Clairwood, eneo la viwanda. Ninaandika kinachoingia na kinachotoka, basi.

Nimekulia mji mdogo wa wakulima, upande wa Uvira. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mahindi mekundu ni mbegu, yamepakwa dawa ya wadudu, hayaliwi. Siku ya kupanda, bibi alitunawisha mikono kwa majivu mara mbili kabla hatujagusa chakula. Mwaka mmoja kuku wake kumi na mmoja walifukua shamba, wakala mbegu, wakafa wote. Jirani akaomba wawili akachemshe. Bibi akamwambia, "Mama, nakupenda, ndiyo maana nakunyima." Akawazika wote na manyoya yao.

Juzi nilienda nyuma ya ghala kuhesabu magunia. Nikakuta wafanyakazi wawili wanaosha mahindi kwenye mapipa. Maji mekundu yalinipita chini ya viatu kama niko machinjioni. Wakishaosha wanaanika kwenye turubai, wanachanganya na mahindi meupe, yanasagwa. Na mimi ndiye niliyeyaandika "mahindi ya chakula", kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Nilitapika palepale.

Bosi, nitamwita Papa Furaha, akanikuta nimeshika ukuta. Anatoka mji wetu uleule, na ndiye aliyenipa kazi bila kuuliza sana karatasi zangu za kuishi nchi hii.

"Eish, mtoto ya kwetu! Uko na mimba?" Akacheka.

"Papa, hii ni mbegu. Iko na dawa."

"Weye uko karani, hauko munganga. Maji imeshatoa dawa. Watu ya Albert Park wanauliza bei, hawaulize rangi."

Akachota mahindi yaliyooshwa, akayasugua kiganjani, akanusa, kama wazee wetu wote wanavyopima. Halafu akaenda bombani akanawa. Akarudi kunawa tena.

Angekuwa mtu aliyezaliwa mjini ningesema hajui. Lakini mikono yake inajua.

Sasa ametoa magunia sita ya unga huo kama zawadi kwa sherehe ya watoto kanisani kwetu, Jumamosi hii. Wamama wameshaanza kumwombea baraka. Karatasi ya kutoa mzigo iko mezani pangu, inangoja sahihi. Nikikataa, atasaini mwingine asiyejua mbegu ni nini. Nikienda polisi, wataanza na karatasi zangu. Nikisema kanisani, nani ataniamini mimi dhidi ya mfadhili?

Bibi alikuwa na shimo tu na jembe. Mimi nina kalamu, na ninaogopa. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngeanzia mlango gani kabla ya Jumamosi?